Propela Begani

Mimi ni Mzigua, mwenyekiti wetu Bonaventura ni Mnyamwezi, na balaa lote lilianzia hapo. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukamata kuku wako akamla, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Sasa mpe mtu wa namna hiyo uenyekiti, halafu wewe uwe dereva wake. Kila utakalomwambia, yeye atacheka.

Gari ni la chama chetu cha wakulima wa mihogo, huku ndani ya Mkata. Lendikruza ya zamani, chuma kitupu, ilikuwa haina neno. Basi Bonaventura akaenda kikao Dar es Salaam, akamwona mkubwa mmoja anashuka kwenye gari refu mpaka anawekewa kigoda. Karudi hana usingizi. Akaagiza springi ndefu, gari likapandishwa juu, likavishwa magurudumu kama ya trekta. Sisi wenye mihogo hatukuulizwa. Akina mama wakawa wanapanda kwa kusukumwa kutoka nyuma, wawili wawili.

Nimeishia darasa la nne, lakini chini ya gari nimelala miaka thelathini. Propela ni bomba la chuma linalotoka giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, na kila ncha ina krosi, kiungo kinachojikunja kama goti. Gari likipandishwa, propela inakaa mteremko, na yale magoti yanafanya kazi yakiwa yamekunjwa kutwa nzima. Jaribu wewe kwenda kutoka Mkata mpaka Segera umechuchumaa, uone kama utafika na magoti yako.

"Mwenyekiti," nilimwambia, "tushushe springi. Na kila wiki nipewe grisi. Propela hii itatudondokea njiani."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mzigua bwana! Umezoea kuchimba mihogo macho chini, sasa unaogopa urefu."

"Sitanii, Mwenyekiti."

"Na mtani gani anayesema anatania?"

Grisi yenyewe ilifungiwa kwenye kabati la ofisi, na haitoki bila saini yake. Na yeye, mwenyekiti wa wakulima wa Handeni, analala Korogwe. Nikaandika barua, akaisoma kikaoni kwa sauti ya kuigiza, watu wakapiga meza. Nikatuma kwenye kundi la simu, akajibu kwa vikatuni vinavyolia machozi ya kicheko. Gari likaanza kutetemeka likishika kasi. Nikamwambia hiyo ni krosi inaliwa. Akaegemea kiti, akafumba macho.

"Acha hivyo hivyo, mtani. Inanikanda mgongo."

Krosi ya kwanza ilikatika mwaka juzi, propela ikaruka ikaipasua giaboksi. Gari likakaa juu ya mawe siku kumi na moja likisubiri saini. Siku ya tisa mke wangu Mwanaidi alishikwa na tumbo. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, katikati yangu na kijana wa pikipiki, nimemfunga kwa kanga yake asidondoke. Wakasema tumechelewa.

Msibani Bonaventura alikuja. Akaficha jembe la kuchimbia kaburi, akakataa kulitoa mpaka apewe mbuzi. Ndiyo mila, mtani hufanya hivyo ili waliofiwa wapate kucheka, na watu kweli walicheka. Mimi nikamtoa mbuzi, maana mtani hakasirikiwi. Lakini tangu siku hiyo naulalia upande mmoja wa kitanda, na kila nikijigeuza naiona saini yake.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya mkutano mkuu, akaniita.

"Mzee Mhina, gari hili kila siku linakuharibikia wewe tu. Likikwama siku ya mkutano, ufunguo nampa shemeji yangu."

Shemeji yake namjua. Anajua kupiga honi. Ufunguo ule akiushika yeye, gari litakuwa la kupeleka harusi Korogwe, na mgonjwa mwingine wa kijiji chetu atafungwa kanga kwenye pikipiki. Nikasema hapana, bora nife nao mkononi.

Nikaenda dukani kwa Jignesh, Korogwe, pale tunaponunua vipuri. Aliponiona tu akainua mikono.

"Shikamoo, Mzee. Krosi tena? Ya nne hii. Nyumbani mnazipika na nini, ugali wa bada?"

"Marahaba. Usinitanie na wewe, Jignesh, watani nimetosheka nao."

Akaishika krosi iliyokatika mara iliyopita, niliyokwenda nayo kama sampuli, akaichungulia. Imekauka, ina kutu nyekundu kama ugoro. "Hii haijaonja grisi tangu izaliwe. Mzee, hata nikikuuzia ya dhahabu, bila kushusha gari na kupiga grisi unanitajirisha bure. Ipige mpaka grisi mpya itokeze ncha zote nne."

"Kamwambie mwenyekiti."

"Nilimwambia. Akasema Wahindi na Wazigua wameungana."

Krosi akaitoa, ila saini ya kuichukua haikuwepo. Nikarudi mikono mitupu.

Siku ya mkutano nilimfuata Bonaventura kwake asubuhi. Alivaa suti nyeupe ya mikono mifupi. Nyuma tulipakia masinia ya pilau ya wajumbe, yamejaa sakafu nzima, hata paka asingepata pa kukanyaga. Kwenye lami gari lilitetemeka mpaka meno yake yakawa yanagongana, naye anajifanya anaimba. Tukaacha lami pale Mkata, tukashika njia ya vumbi. Kwenye korongo la kwanza nikasikia kishindo, kisha chuma kikikwaruza chini. Nikasimama. Krosi ya nyuma imekatika, propela imelala barabarani.

"Umefanya makusudi!" akasema.

"Mimi niko juu, krosi iko chini. Nimeifikiaje?"

"Ufunguo lete."

"Nikufikishe kwanza. Au utatembea na suti hiyo?"

Nikaingia chini, nikafungua bolti za mbele, nikaitoa propela yote. Gari hili lina propela nyingine fupi ya magurudumu ya mbele. Ukiyaunganisha nayo, yanalivuta gari yenyewe, polepole lakini linafika. Tatizo likawa moja: chuma kile kirefu, kinachonuka mafuta, kiwekwe wapi?

"Weka nyuma."

"Kwenye pilau ya wajumbe?"

"Funga juu."

"Kamba umempa shemeji yako, ya kufungia maspika."

Akaangalia suti yake. Akaangalia njia. Nikamlazia propela mapajani kama mtoto mchanga, na ncha moja ikatokeza dirishani.

Tulipofika, wanachama wote walikuwa wamekaa nje wanatusubiri. Mlango wake ulikuwa haufunguki sawasawa kwa ile ncha, ikabidi aichomoe kwanza. Kushuka kwenye gari refu namna ile, huku umekumbatia chuma, hakuna njia nyingine: akaipandisha begani, akaruka. Akasimama mbele ya Wazigua mia mbili, suti ina mstari mweusi kuanzia kola mpaka goti, mzigo begani.

Mama mmoja akapiga kigelegele. "Mnyamwezi karudi kwenye upagazi!"

"Babu yako alibeba meno ya tembo, wewe umebeba nini?" mwingine akadakia. Watu wakaanguka na viti vyao.

Bonaventura akaitupa propela chini, akachukua kipaza sauti. "Kuanzia leo Mhina si dereva wa chama hiki! Nimemfukuza!"

Wakacheka zaidi.

"Sitanii!"

Hapo ndipo wakashika mbavu. Sanaa, katibu wetu, kalamu mkononi, akamwuliza kwa adabu, "Mwenyekiti, niandike, au ni utani?"

"Andika! Ni kweli!"

"Ndivyo anavyosema mtani," akajibu Sanaa, kalamu haijagusa karatasi.

Nilimwona Bonaventura anageuka huku na huku anatafuta uso mmoja wa kumwamini, hakuupata. Nami nikavua kofia yangu. Sijawahi kuivua mbele za watu, hata msibani. Kicheko kikakatika.

"Mwenyekiti, sasa unajua inavyokuwa," nikasema. "Mwanaidi alikufa gari likiwa kwenye mawe. Nilikuandikia, ukacheka."

Akakishusha kipaza sauti. "Kumbe ile barua ilikuwa kweli?"

"Barua, na ujumbe wote wa simu."

Akakaa kwenye ncha ya kiti. Kisha akamwambia Sanaa, sauti chini, aandike: springi zirudishwe za zamani, grisi itoke kila Ijumaa bila saini, ufunguo ubaki kwangu. Sanaa akaongeza la kwake mwishoni, wanachama wakalipitisha: Mzee Mhina akivua kofia, hatanii.

Kumsamehe sijamsamehe. Wakubwa wakijifunza, hujifunza kwa kaburi la mtu mwingine. Lakini gari limeshuka, krosi ina grisi ncha zote nne, na mwezi uliopita nimepeleka wajawazito wawili, wote wakafika.

Juzi tukiwa njiani na Bonaventura, kichwa kiliniwasha. Nikapunguza mwendo, nikavua kofia nijikune. Kabla sijasimamisha gari vizuri, alikuwa ameshafungua mlango, yuko barabarani anaichungulia propela.