Kibarua Aitwaye Yohana

Atupele alijiandaa kwa usaili ule kama bibi harusi, ila bibi harusi angalau huwa na watu wa kumvalisha. Juu alivaa koti jeusi aliloazima kwa Hanifa, mwenye duka la nguo pale Bondeni. Chini alivaa kitenge na kandambili, maana kamera ya simu haioni miguu. Alikuwa na shahada ya uhasibu, mitihani ya bodi ameimaliza, na sasa kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu ya Dar es Salaam, ile ambayo wenzake chuoni waliitaja kwa sauti ya chini kama watu waliomo kanisani, ilikuwa imemwita kwenye usaili wa mwisho kwa njia ya video. Aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukamkimbia.

Tatizo lilikuwa mtandao. Mumewe, Lusungu, alikuwa wakala wa forodha mpakani Kasumulu, na nyumbani Ndandalo, wilayani Kyela, alikuja mwisho wa juma tu. Siku nyingine zote Atupele alikaa katika vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya wakwe zake, na huko uani simu ilishika mtandao pale ilipojisikia. Pa kuaminika palikuwa mahali pamoja tu: sebuleni kwa wakwe, kwenye meza ya karibu na dirisha. Na sebule ni ya baba mkwe.

Kwa asiye wa huku, hapa inabidi niseme jambo. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye meza moja, hatamki jina lake. Akimwona njiani anampisha. Wakigongana ghafla anachutama na kujifunika kichwa. Wenyewe wanaita kutila. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, na wengine wanacheka. Nyumba hii ilikuwa haijaacha, na asitokee mtu kusema ilikuwa nyumba ya chuki. Mzee yule, ambaye nami jina lake silitaji kwa kuwa Atupele halitaji, alimpenda mkwe wake kwa njia iliyoruhusiwa, yaani kwa kukohoa. Kila alipokaribia mlango au kona ya nyumba alitoa kikohozi kizito cha makusudi, ili mkwe apate nafasi ya kupisha. Atupele alikizoea hadi akajua kile cha furaha na kile cha uchovu. Kikohozi kile ndicho kilikuwa "umeamkaje, mwanangu" ya kila asubuhi.

Habari za usaili zilipomfikia, mzee alimtuma mkewe. "Mwambie mkwe, siku hiyo sebule ni yake. Mimi nitashinda shambani." Kisha, kwa kuwa alisikia wasailiwa wa siku hizi wanatakiwa kuwa na ukuta safi nyuma yao, akapanda kigoda na kugongelea shuka jeupe lifunike kalenda ya kanisa na majembe yaliyotundikwa. Atupele alipoliona, machozi yalimlengalenga. "Ndaga, mama," alimshukuru mama mkwe kwa Kinyakyusa. "Mfikishie baba. Ndaga fijo."

Usaili ulianza vizuri. Kwenye kioo walikuwa wawili: Bi Sabrina, mkurugenzi wa ukaguzi, mwenye miwani na maneno machache, na Bwana Ambwene, mwanamume wa makamo ambaye kwa jina na lafudhi alikuwa mtu wa kwao kabisa, ingawa hakuna aliyeligusa hilo. Atupele alijibu maswali ya kodi, akajibu ya viwango vya hesabu, tena kwa Kiingereza kilichonyooka. Mwishoni Bi Sabrina alirudi kwenye Kiswahili.

"Mkaguzi anaishi kwa kuaminika, Atupele. Utafanya nini siku ambayo ukweli utakuletea aibu?"

"Nitausema," alijibu bila kusita. "Aibu inapita. Uongo unabaki ndani ya kazi yako."

Bi Sabrina alitikisa kichwa kwa kuridhika. Atupele nusura ajipigie makofi.

Wakati huo wingu lilikuwa limeshafunga. Mvua ya Kyela haipigi hodi. Kakao ya mzee ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, imekaribia kukauka, na turubai la kuifunikia lilikuwa limekunjwa nyuma ya kochi sebuleni. Mkewe alikuwa mtoni. Mzee alikuja mbio kutoka shambani, akasimama mlangoni na kukohoa. Kimya. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Alisubiri pale matone yakiigonga kakao yake, akakohoa mpaka kifua kikamuuma. Mkwe hakutoka, maana mkwe alikuwa na nyaya za simu masikioni, anazungumza habari za uaminifu na watu wa Dar es Salaam. Mwisho mzee aliinamisha kichwa, akaingia.

Atupele alimwona kwanza kwenye kioo cha simu, nyuma ya bega lake. Tangu aolewe hakuwahi kuuona uso ule, na sasa aliuona wazi, umeinama, una mvua, una haya. Aliona na shati lililochanika begani, miguu yenye tope, panga mkononi. Mwili wake haukungoja ushauri. Alijitupa chini ya meza, akachutama, akavuta ncha ya kitenge kichwani. Nyaya zikachomoka kwenye simu, na sauti ya Bi Sabrina ikajaa sebule nzima.

"Atupele? Umeanguka? Na huyo mtu mwenye panga ni nani?"

Angeweza kusema. Yalikuwa maneno matatu tu, ni baba mkwe, na mtu yeyote angeelewa au angeelezwa. Lakini alikumbuka koti la kuazima na kandambili, akakumbuka jinsi alivyojitahidi nusu saa nzima kuwa mtu wa ghorofani. Akaona aibu. Aliona aibu ya shati lile, ya tope lile, na ya yeye mwenyewe kuchutama chini ya meza kama kuku anayeatamia.

"Samahani sana," alisema kutoka chini. "Ni kibarua wa shamba. Amekuja kuchukua turubai."

Ndipo Bwana Ambwene alipozungumza, polepole. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye kitanda hicho alikilalia, na bila shaka alimwona mama yake akichutama vilevile.

"Na huyo kibarua wenu anaitwa nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, ya Atupele ikaishia hapo. Jina la kweli ulimi wake haukuweza kulibeba hata kama angetaka.

"Yohana," alisema. "Anaitwa Yohana."

Miguu yenye tope, iliyokuwa imeshafika mlangoni, ilisimama. Kisha ikatoka, na mlango ukarudishwa taratibu, kama mtu anavyorudisha mlango wa chumba cha mgonjwa. "Sawa," alisema Bwana Ambwene. "Tumemaliza."

Jioni, wakimenya ndizi jikoni, mama mkwe alisema, "Mwanangu, mzee wako ananishangaza. Ameniuliza, Yohana ni nani?"

"Simjui, mama," alisema Atupele. Huo ukawa uongo wa pili, na huu aliambiwa mtu aliyempenda.

Tangu kesho yake kikohozi kilikatika. Nyuma ya migomba kulikuwa na njia nyembamba waliyopita vibarua wa msimu wa kakao wanapokuja kuchukua majembe, ili wasikatize uani kwa watu. Mzee alianza kupita huko. Alitokea huko asubuhi, akarudi huko jioni, kimya. Mama mkwe alidhani ni mambo ya uzee. Atupele alijua, na kujua kulimtafuna. Usiku alijifunika shuka hadi kichwani, uso ukiwaka moto kama yuko mbele ya watu. Mara nyingi alianza, "Mama, mwambie baba..." kisha akanyamaza. Kutuma radhi kulihitaji kwanza amweleze mama alichosema, na kinywa kilichoropoka mbele ya wageni kikagoma kufunguka mbele ya wa nyumbani. Lusungu naye alipokuja alimficha.

Kazi akaipata. Bi Sabrina alipiga simu mwenyewe, akampongeza, akamtajia siku ya kuripoti. "Na Bwana Ambwene anakusalimu," aliongeza kwa uchangamfu. "Anasema umfikishie na Yohana salamu zake."

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kuku alichinjwa. Mzee ndiye aliyemtoa kuku huyo, ila mwenyewe hakuja kula. Alisema, eti, ana kazi shambani. Wageni walimsifu Atupele kwa kuiletea heshima nyumba ya mkwewe, naye akainama, wakadhani ni adabu.

Asubuhi ya safari, Lusungu alitangulia barabarani na sanduku. Atupele aliaga, akafika kona ya nyumba, akasimama kusikiliza. Hakuna kitu. Ndipo akageuka, akashika njia ya nyuma ya migomba. Kama ni kuvunja mila, alijiambia, basi aivunje mara moja kwa kusema ukweli, kuliko kuishika na kuondoka na uongo.

Walikutana katikati. Mzee alikuwa na jembe begani. Atupele alichutama, akafunika kichwa, akatazama majani makavu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamsemesha.

"Baba, nisamehe. Nilikuonea aibu."

Alisubiri. Kwa jicho la chini aliiona miguu ile ikitoka kwenye njia, ikashuka mtaroni kwenye maji, kama kibarua anavyompisha mwenye shamba. Aliona na kofia ikivuliwa, ikashikwa mbele ya goti. Mzee hakumjibu yeye. Aliisemesha migomba, kwa sauti ya upole isiyo na hasira hata chembe.

"Mwambieni mkwe apite, gari litamwacha. Yohana hana haraka."

Atupele aliinuka, akapita, kitenge kikiwa kichwani. Alitembea polepole akisikiliza nyuma yake, na mpaka anafika barabarani hakusikia mtu akikohoa.