Kesi ya Waya wa Klachi

Waya wa klachi wa pikipiki ya Monsieur Casimir ulipokatika kwa mara ya tatu, shule nzima ilinigeukia mimi. Tulikuwa mezani. Wenzangu waliweka vijiko chini, wakanitazama kwa heshima kubwa.

Niliumia. Mimi ndiye niliyemvalisha mbuzi wa bustani koti la mwalimu wa hesabu, na adhabu yake niliipokea bila kulalamika, maana koti lilimkaa vizuri. Lakini kukata waya mafichoni, kama panya? Hiyo ni kazi isiyo na ufundi wowote. Kusingiziwa uovu ni jambo la kawaida kwa mtu wa aina yangu. Kusingiziwa uovu wa hovyo ndiko kunakouma.

Monsieur Casimir, msimamizi wa nidhamu wa bweni letu, aliingia akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Kila Jumamosi hupanda pikipiki yake kuukuu kwenda Kambove kumwona Mademoiselle Hélène, mwalimu ambaye Monsieur anataka kumwoa. Sasa alikuwa ameisukuma tena kutoka mlimani hadi hapa kwetu Likasi, huku wafanyakazi wa mgodi wakimpigia makofi kutoka kwenye lori.

"Cyrille! Kuya hapa."

"Minye hapa, Monsieur."

"Ni weye ulikata kable ya ambriyaji."

"Hapana, Monsieur. Haiko minye."

"Haiko weye! Basi ni nani? Ni askofu?" Bweni zima likacheka, nami nikakiri moyoni kwamba jibu lilikuwa zuri. "Sikia muzuri. Samedi nitaenda Kambove na kable mupya. Kama inakatika tena, unabeba valise yako, unarudia kwa baba yako. Na mbele ya ile siku, utasugua pikipiki kila mangaribi mpaka iwake!"

Baba yangu anafanya kazi kwenye tanuri la shaba. Amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa injinia, na majirani wamekwisha kuchoka kusikia. Nikirudi na valise, sanduku langu la nguo, atanipeleka kwa mjomba, ziwani Tshangalele, nikakaushe samaki. Siwadharau samaki. Ila samaki hawataniki.

Kwa hiyo kesho yake jioni nilikwenda bandani na rafiki yangu Germain kusugua na kuchunguza.

"Lakini uniambie minye kweli," Germain alinong'ona. "Ni weye?"

"Germain!"

"Nauliza tu, ndugu. Kama ni weye, tunapoteza wakati."

Waya mpya ulikuwa umekwisha kufungwa, na nyaya za zamani zilikuwa zimetupwa pembeni. Nilizipanga sakafuni kama maiti za watu wenye vyeo. Zote zilikuwa zimekatika mahali pamoja: juu kabisa, chini ya kile kichwa kidogo cha madini ya risasi kinachokaa kwenye tundu la mkono wa klachi. Na hazikukatwa. Kisu hukata mara moja, kikaacha ncha sawa. Hizi nyuzi zilikuwa zimechakaa mmoja mmoja, zikasimama ovyo kama nywele za mtu aliyeamshwa na kengele.

"Labda waya unabanwa kwenye usukani," alisema Germain.

Tulizungusha usukani kushoto, tukauzungusha kulia. Waya ulifuata kwa utulivu, haukubanwa popote.

"Labda ni mufupi."

Haukuwa mfupi. Ulikuwa na ulegevu wa kutosha.

"Labda ni wivu ya Mademoiselle ingine."

Nilimpa kitambaa asugue, ili anyamaze. Kisha nikaubana mkono wa klachi polepole, jicho langu karibu na tundu. Kile kichwa cha risasi kinapaswa kuzunguka kidogo kila mkono unapobanwa, ili waya ubaki umenyooka. Hakikuzunguka hata chembe. Kilikuwa kimeganda, na waya ulilazimika kujikunja palepale chini yake. Nikabana tena, ukajikunja tena. Hata kijiko cha bweni ukikikunja hivyo kila siku mahali pamoja, siku moja unabaki na mpini.

Nililegeza skrubu, nikautoa waya, nikachokoa tundu kwa sindano ya bikari ya Germain. Ukatoka uchafu mwekundu, mgumu, uliokunywa grisi yote.

Germain akauonja kwa ncha ya ulimi. Sijui kwa nini. "Ni tofali," alisema.

Tukatazama kitambaa mkononi mwake, kisha mkebe wetu wa unga wa matofali. Kwetu adhabu huwa ni kung'arisha vyombo kwa unga huo, kama vinara vya kanisani. Katika mji wa shaba, kitu kisichong'aa ni kama hakijaoshwa. Waya ukikatika, mtu anaadhibiwa. Akiadhibiwa, anasugua. Akisugua, unga unajaa kwenye tundu. Tundu likijaa, waya unakatika.

Hapo ndipo Monsieur Casimir aliposimama mlangoni. Mimi nilikuwa na waya wake mpya mkononi.

"Nimekushika!"

"Monsieur, nimepata mwenye kosa."

"Hata minye nimemupata!"

"Monsieur, uangalie kwanza tundu."

Aliangalia, pengine kwa sababu nilisema kwa sauti ya mazishini. Nikarudisha waya, nikabana mkono, akaona unavyojikunja. Nikatoa uchafu uliobaki, nikapaka grisi tuliyoikwangua kwenye pampu ya maji, nikabana tena. Safari hii kichwa kilizunguka.

Akatazama mkebe. "Unataka kusema ni minye ninakata kable yangu mwenyewe?"

"Hapana, Monsieur! Ni usafi."

Germain akaanza kukohoa vibaya sana.

"Samedi itasema," alijibu Monsieur Casimir. "Upange valise."

Jumamosi aliondoka na pikipiki isiyosuguliwa, imepauka kama mgonjwa. Nilikaa juu ya valise langoni. Jua lilishuka, ving'ora vya kiwanda vikalia, wafanyakazi wakatoka. Germain aliomba kwa upole nimwachie blanketi langu.

Ndipo tukasikia pikipiki inapanda, gia moja baada ya nyingine. Monsieur Casimir alisimama mbele yetu. Suruali yake nyeupe ilikuwa bado nyeupe. Alibana klachi, akaiachia, akaibana tena, kwa raha tu.

"Urudishe valise," alisema.

Wakati wa chakula alisimama. "Kuanzia leo, muntu asisugue tena pikipiki yangu." Bweni likashangilia. Walinibeba juu kama mgombea ubunge. Alisubiri watulie. "Lakini unga ya tofali iko mingi. Kwa hiyo mutasugua masufuria yote ya jikoni, bitanda, na milango ya choo. Banafunzi bote. Kila mangaribi."

Walinishusha bila uangalifu. Kisha shule nzima ikanigeukia tena, safari hii bila heshima yoyote.