Kiwingu Ndani ya Kishimo

Fuwele ya protini ilikuwa imebaki moja tu, na mkemia aliitumia bila kumwambia shemeji yake. 

Shemeji ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara, mume wa dada yake. Dada mwenyewe alikuwa kitandani, akiugua saratani inayochochewa na kinasi, protini inayoziamuru seli zikue. Ya kwake haikujua tena kunyamaza. Kwenye kinasi kuna kishimo, na kazi yao ilikuwa kutafuta kipande cha molekuli, kidogo hata hakifai kuitwa dawa, kitakachoingia humo kikashika. Kikishika, unakijengea polepole mpaka kiwe dawa.

Jana picha ya eksirei ya fuwele ya kinasi hiyo, iliyolowekwa kwenye kipande kimoja, ilionyesha kiwingu ndani ya kishimo, dalili kwamba kuna kitu kimeingia. Shemeji alishangilia korido nzima, akampigia mkewe. Dada, ambaye chakula kilikuwa kimemshinda siku nyingi, akamaliza sahani.

Mkemia hakulala vizuri. Vipande huyeyushwa kwanza, na kiyeyusho nacho kina kiherehere cha kujichomeka mashimoni. Ndiyo maana unaloweka fuwele nyingine kwenye kiyeyusho kitupu, ukalinganisha. Shemeji aliruka hatua hiyo, yeye ambaye angemfokea mwanafunzi kwa kosa hilohilo.

Picha ya fuwele ya mwisho, aliyoiloweka kwenye kiyeyusho kitupu, ilikuwa inajichora kwenye skrini mlango ulipofunguliwa, shemeji akaingia.

"Shem, siku hizi unaniibia fuwele?" akatania. Kisha akasoma jina la jaribio, na utani ukamkauka mdomoni. "Zima."

"Ngoja imalizike."

"Zima, nimesema! Unajua jana amekula?"

"Najua, shemeji. Sahani niliiosha mimi."

Hakuna aliyezima. Kiwingu kikajitokeza palepale, umbo lilelile, na kipande hakikuwemo. Shemeji aliizungusha picha huku na huku kama mtu anayepekua mfuko alioupekua tayari. Mkemia alimhurumia, na hasira naye alikuwa nayo. Hata kipande kingeshika kweli, dawa ingechukua miaka mingi, na dada hakuwa na miaka hiyo. Wote wawili walilijua hilo, ila hakuna aliyekuwa na ubavu wa kulitamka.

Simu ya mkemia ikaita. Alikuwa dada.

"Mdogo wangu, nimekupigia wewe makusudi. Huyu bwana akifurahi, maneno yake huwa nayakata nusu. Kimeshika, hakijashika?"

Shemeji alikuwa ubavuni pake, akitikisa kichwa, macho yakimbembeleza.

"Hakijashika, dada. Kilikuwa kiyeyusho."

Dada akashusha sauti.

"Bwana mwenyewe ameshajua?"

Mkemia akamtazama shemeji. "Bado," akasema, na uongo huo haukumsuta.

"Basi mwache, hata kwa leo tu. Mimi nilishajiandaa zamani. Asiyejiandaa ni yeye."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Shemeji alisikia kila neno.