Mate ya Shemeji

Fundi Spoku, bingwa wa kunyoosha magurudumu ya baiskeli, hakuogopa kitu duniani isipokuwa majibu ya hospitali. Babu yake alianguka ghafla, moyo ukasimama. Baba yake, vivyo hivyo. Kwa hiyo watafiti wa afya walipopita mtaani kugawa vichupa, kila mtu ateme mate asubuhi wapate kuchunguza magonjwa ya kurithi, Spoku akaanza kutafuta njia ya kuponyoka. Kukataa aliona haya, maana mkewe alishamwandikisha. Basi, mwanamume mzima, akampelekea kichupa kinyozi, kaka wa mkewe, mtu ambaye mdomo wake haukauki hata usingizini.

"Nitemee humu, shemeji. Usiulize."

Kinyozi akajaza, akauliza kama kuna kingine.

Majibu yalipotoka, muuguzi wa utafiti alimkalisha Spoku, akafunga mlango polepole. "Baba, umerithi hitilafu inayojaza mafuta kwenye damu. Moyo wako uko hatarini. Ila dawa zipo, na ukianza mapema utazeeka vizuri tu."

Spoku akaangua kicheko. Akacheka mpaka machozi, kwani mate hayakuwa yake! Muuguzi akamsogezea maji, akidhani maskini ya Mungu amechanganyikiwa.

"Sasa waite na ndugu zako wa tumbo moja," akasema. "Huenda nao wanayo, wao na watoto wao."

Kicheko kikakatika. Kinyozi alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, naye ni mama watoto wa Spoku.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, anaimba. Akamweleza yote kwa mkupuo, macho chini. Cherehani ikanyamaza.

"Yaani uliogopa kutema mate?"

"Niliogopa kufa, mama watoto."

"Na mimi je?"

Mkewe akavaa viatu, akampitia kaka yake kwa makelele yaliyotoa watu madirishani, akawaswaga wote wawili hadi kliniki. Muuguzi akawapa vichupa vipya, kila mtu na chake. Mke akatema. Kinyozi, usiseme. Spoku akahangaika weee, mdomo mkavu kama kiraka cha tairi.

"Shemeji, nikusaidie?" kinyozi akanong'ona.

Mke akamkata jicho kaka yake, kisha akamshika mumewe mkono.

"Tema, baba watoto. Mimi sitaki kuzeeka peke yangu."

Yalianza machozi. Mate yakaja baadaye.