Likizo Isiyo na Mwaliko

Nani anakwenda likizo mwezi wa Novemba? Swali hilo niliulizwa na kila mtu katika jengo letu hapa Niš, Serbia, kuanzia yule mama wa ghorofa ya chini anayechungulia kila apitaye mpaka dada yangu wa tumbo moja. Wote niliwajibu kwamba Novemba hakuna msongamano, vyumba viko wazi, na baridi haijamuua mtu. Uongo mtupu. Sababu yenyewe ilikuwa shemeji yangu Radosav, na ningeitaja mapema mume wangu angeichana ramani vipande vipande.

Ramani ilikuwa ya mwanangu Dunja. Alipomaliza darasa la nane na kupata shule ya sekondari aliyoitaka, baba yake, Budimir, huku pombe ya rakija imeshampanda kichwani, alimwahidi mbele ya wageni kwamba tutamtembeza Ulaya. Asubuhi akajifanya hakumbuki. Dunja si mtoto wa kuachia kitu kirahisi hivyo. Alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaibana pembe kwa chupa za jamu, na tangu siku hiyo tukawa tunakula juu ya Ulaya. Doa la supu liko Poland mpaka leo.

Dunja alitaka mji mkubwa wenye makumbusho na lile gurudumu refu la kupandisha watu angani, yaani Vienna. Mimi nilitaka shamba. Budimir alinicheka kwelikweli, akasema shamba si tunalo, tena la bure. Alikuwa anamaanisha kijijini kwa mama yake, huko milimani upande wa Svrljig, ambako mimi kila nikienda napalilia, nachuma plamu, nasugua sakafu, kisha narudi mjini mgongo umepinda. Nikamwambia shamba ambalo jembe nalishika mimi haliitwi likizo. Nilitaka shamba la watu wengine, ng'ombe akamuliwe na mwenyewe, mimi nikae dirishani na kahawa yangu nimwangalie anavyohangaika.

Tukakubaliana mji kwanza, shamba baadaye. Hapo kila mtu alikuwa ameridhika. Kisha Budimir akasema mji uwe wowote ule, Prague, Budapest, hata Roma akitaka, isipokuwa Vienna. Dunja aliuliza kwa nini, na baba yake akainuka kwenda kutazama bomba ambalo halikuwa na shida yoyote.

Vienna ndiko anakokaa Radosav, kaka yake mkubwa. Hao watu zamani walikuwa chanda na pete. Radosav ndiye aliyemfundisha Budimir kuendesha gari, ndiye aliyempigania shuleni, ndiye aliyesimama kando yake siku nilipoolewa. Baba yao akafariki majira ya kuchipua, wakamzika pamoja, Radosav akarudi kazini Vienna, na tangu hapo hakukanyaga tena. Hakuna ugomvi tuliousikia, hakuna tusi. Kimya tu, miaka sita.

Kilichouma zaidi ni slava, sikukuu ya ukoo. Mtakatifu wa ukoo wao ni Dimitri, siku yake ni tarehe nane Novemba, na siku hiyo kwetu, katika nyumba hii baba yao aliyowalelea kabla ya kuhamia kijijini, mlango haufungwi. Mshumaa unawaka tangu asubuhi, mkate uko mezani, na watu wanaingia. Hakuna anayealikwa. Jirani haalikwi, rafiki haalikwi, kila mtu anajua ni nyumba gani ana haki ya kuingia, na anaingia. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi tulimngoja Radosav mpaka mshumaa ukazima wenyewe. Budimir alikusanya sahani moja moja, na mimi ningependa zaidi angezivunja.

Sasa mama mkwe wangu, Mama Stamenka. Yule bibi na mimi tumepigana vita vingi, vya kabichi, vya malezi, vya jinsi ya kukunja mashuka, na sijashinda hata kimoja. Lakini mwaka huu daktari alimwambia macho yake yanakwenda, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Alitoka pale akanishika mkono barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniambia hana shida na giza. Alichotaka ni kuwaona wanawe wawili kwenye meza moja kabla giza halijafika. Alisema kuwaona, si kusikia kwamba wamepatana. Nililia pale pale mbele ya duka la viatu, sioni haya kusema.

Basi nikampigia Radosav. Nilijifanya nauliza mambo ya likizo: Vienna gari huachwa wapi, mtoto apelekwe wapi, na kama anajua shamba lolote zuri huko vilimani linalopokea wageni. Alinijibu kwa upole, akataja hata shamba moja la zabibu lenye ng'ombe wachache, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Maswali ya likizo yakaniishia. Nikaona liwalo na liwe, nikamuuliza kwa nini haji kwenye slava ya baba yake.

Nilimsikia akifunga mlango wa chumba alichokuwamo.

"Shemeji," akasema, "mimi nilialikwa."

Nilikaa chini. Mtu wa mbali anaweza kusema, kualikwa si ndiyo heshima? Kwetu ukimwalika mtu kwenye slava umemwambia kwamba bila mwaliko hana haki ya kuja. Humfanyii hivyo hata mpangaji. Na huyu ni mtoto wa kwanza wa nyumba, alizaliwa chumba kile kile unapowashwa mshumaa. Akanieleza kwamba Budimir alimpigia simu Oktoba ile ya mwaka wa mazishi, akamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba anakaribishwa nyumbani kwake tarehe nane. "Nyumbani kwake," Radosav alirudia. Akaniaga vizuri, akakata.

Jioni hiyo tulikuwa barazani tunachoma pilipili hoho za ajvar, ile rojo ya kupaka kwenye mkate, kama nusu ya mji inavyofanya Septemba, moshi mpaka kwenye nguo za ndani. Budimir alikuwa anamenya. Nikamwambia yote bila kuzunguka. Kwanza alikasirika kwamba nimempigia mtu nyuma ya mgongo wake, na hapo alikuwa na haki. Kisha akaacha kukasirika. Akaendelea kumenya pilipili ile ile ambayo ilikuwa imeshaisha ganda.

"Niliogopa hatakuja," alisema. "Baba hayupo, nyumba tupu. Nilitaka ajue nafasi yake ipo."

"Ndiyo ukamwambia kama unavyomwambia mtu asiye na nafasi."

Akaingia ndani kunawa, na alinawa muda mrefu sana.

Kwa siku kadhaa alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mimi nilijikaza nisiseme kitu, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi. Mwishowe, tukiwa tunakula, alisogeza sahani yake, akaweka kidole juu ya ramani na kumwambia Dunja aandike Vienna. Mtoto aliruka. Akaanza kupanga papo hapo: gurudumu, makumbusho, kisha lile shamba la zabibu nililotajiwa. Halafu kwa moyo mweupe kabisa akasema tumpigie simu baba mkubwa tumwambie tunakuja.

Mimi na baba yake tulisema hapana kwa pamoja, kwa ukali uliomfanya adondoshe kijiko.

Tukamweleza. Ukimpigia, lazima aseme karibuni, na akisema karibuni sisi tumekuwa wageni, na kidonda ni kile kile. Jambo hilo lilikuwa na njia moja. Budimir aende nyumbani kwa kaka yake siku ya slava, asubuhi au jioni, bila kuitwa, aingie kama mtu mwenye haki ya kuingia. Dunja alitutazama kama vichaa, akasema sawa, ila hiyo ni Novemba. Kwa bahati shule hupumzika siku chache mwezi huo. Ndipo likizo yetu ikawa ya Novemba.

Lakini hiyo ilimaanisha kwamba siku ya mtakatifu wetu mlango wetu utafungwa. Watu watapanda ngazi na chupa zao mkononi, wagonge, wakute kimya. Budimir hakulala vizuri kwa ajili hiyo. Hajawahi mtu wa ukoo wao kufunga mlango siku ile, hata wakati wa vita. Mara mbili alikuja kuniambia tuiache safari, twende kiangazi kama watu wenye akili. Nikamuuliza macho ya mama yake yanajua kungoja kiangazi? Nilimuumiza, na nilijua namuumiza.

Aliyelimaliza ni Mama Stamenka mwenyewe. Alishuka kutoka kijijini na basi, akakaa jikoni kwetu na koti lake, akataka simu. Akawapigia watu mmoja mmoja, ndugu, majirani, hata padri, na wote aliwaambia maneno yale yale: mwaka huu mshumaa wa marehemu mzee unawaka kwa mkubwa, huko Vienna. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alipomaliza akanigeukia na kusema unga ninaonunua siku hizi haufai, atakuja na wake.

Tuliondoka alfajiri ya tarehe nane. Mama alikaa mbele, mkate wa slava mapajani umefungwa kitambaa cheupe, akakataa katakata kuuweka nyuma na mizigo. Mpakani kulikuwa na foleni ya kutisha. Budimir alikuwa anasogeza midomo peke yake usukani, anajifunza hotuba. Nilimsikia akianza "kaka, mimi" zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa najiuliza maswali. Kama Radosav ameenda kazini? Kama hakuwasha mshumaa wowote, ameachana na mambo haya? Na kama atafungua akatutazama kama watu wa kuuza mazulia? Ningekuwa nimemfungia mume wangu mlango wake, na nimemleta bibi aliye nusu kipofu njia yote hii aje kuona aibu.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika. Ngazi zilikuwa nyingi na Mama alizipanda akihesabu kwa kunung'unika. Kwenye ghorofa yao tulisikia harufu ya sarma, ile nyama ya kuviringishwa ndani ya kabichi, na moshi, na Budimir akasimama. Dunja akamsukuma kidogo mgongoni. Hakugonga. Alishika kitasa, akafungua mlango.

Radosav alikuwa mezani na mkewe Gizela na majirani wawili, mshumaa umebaki nusu. Amezeeka. Alimtazama ndugu yake, akamtazama mama yake na kile kitambaa cheupe, akaweka kijiko chini. Hotuba yote ya Budimir ilipotea. Radosav hakusema karibu.

"Mmechelewa," akasema. "Supu imepoa."

"Foleni mpakani," Budimir akajibu.

"Foleni ya miaka sita?"

"Ilikuwa ndefu, kaka."

Basi wakakumbatiana, na siwezi kueleza zaidi kwa sababu na mimi nilikuwa sioni vizuri. Mama aliwaacha walie, kisha akasema mkate unamchosha mikono. Wakasimama huku na huku, wakaushika, wakauzungusha mbele ya mshumaa kama baba yao alivyowafundisha, wakauvunja katikati. Mama alikuwa amesogea karibu sana, uso wake kama shubiri moja kutoka kwenye nyuso zao, anawatazama mmoja kisha mwingine, kisha wa kwanza tena. Hakuna aliyemwambia akae.

Supu ikapashwa moto. Tulikula mpaka Gizela akaanza kuazima viti kwa jirani, kwa kuwa watu walizidi kuingia. Radosav akamuuliza Dunja likizo yake inaendeleaje, naye akamwambia kesho gurudumu na makumbusho, keshokutwa shamba la zabibu, kule ambako mama atakunywa kahawa na kumwangalia ng'ombe wa mtu. Radosav alicheka. Nikamwona Budimir anaweka uma chini, anajikohoza, anakaa wima, na nikaijua ile sauti ya kiofisi inayokuja. Alikuwa anataka kumwalika shambani.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zangu zote. Akafunga mdomo.

Radosav akamega kipande cha mkate, akakichovya kwenye supu.

"Keshokutwa," akasema, "tunaondoka saa ngapi?"