Banda Lililozibwa

Mwenyekiti wa mtaa alimpa Albano siku saba: aitulize mashine yake ya randa au aiondoe. Aliyemshitaki ni Bi Thuraya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta huko Chamazi. Mumewe, Mzee Matar, alikuwa amepooza upande mmoja, na kila mashine ilipowashwa alitetemeka kitandani na kulia kama mtoto.

Albano hakuwa na pa kuihamishia. Karakana yake ya zamani ilibomolewa kupisha barabara, likabaki hili banda la uani, limejaa mbao za madawati ya shule yanayotakiwa Ijumaa.

Alianza kwa kubandika trei za mayai ukutani. Wapi! Akakata matairi chakavu, akayaweka chini ya miguu ya mashine. Mtikisiko ukapungua, mlio ukabaki palepale. Siku ya tano akaziba madirisha kwa viroba vya mchanga, akatundika magodoro mawili, moja likiwa la kitandani kwao.

"Na sie tulale wapi?" mkewe, Flaviana, aliuliza.

"Mkekani. Mashine ikiondoka, hata huo mkeka hatutakuwa nao."

Siku ya sita akajifungia kwa komeo, akaziba masikio, akawasha. Ndani joto lilikuwa la tanuri. Nje Flaviana alitega sikio: mlio ulikuwa kama wa nzi ndani ya chupa. Alikuwa bado anatabasamu Bi Thuraya alipoingia uani mbio, kichwa wazi.

"Mzee ameanguka! Anavuja damu, siwezi kumnyanyua!"

Walibisha mlango kwa ngumi, kisha kwa jiwe. "Baba Jenipher! Fungua!" Mashine ikaendelea tu. Bi Thuraya akakaa chini, akaanza kulia. Hapo ndipo Flaviana alipokimbilia swichi kubwa ya nyumba, akakata umeme.

Albano alidhani umeme wa luku umekwisha. Alifungua mlango akifoka, akakutana na wanawake wawili wanaolia.

Alimbeba mzee mgongoni hadi kwenye bajaji, damu ikimlowesha shati. Hospitali walimshona nyuzi tisa. Alipona jeraha, lakini maneno machache aliyobakiwa nayo tangu apooze hayakurudi tena.

Siku zilizofuata Albano hakuigusa mashine. Ijumaa madawati akapewa fundi mwingine. Jumapili Bi Thuraya alimkuta ameketi bandani, mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kimya?"

"Naogopa. Mlikuwa mnaniita, nami sisikii."

Bi Thuraya akaketi kando yake. "Mie sikutaka uache kazi. Kuanzia saa nne hadi saa nane mzee anaweza kukaa kwa mdogo wangu Nawal, mtaa wa pili. Ungeniuliza tu."

"Nilidhani hutaki hata kuniona."

"Nilikuwa sitaki."

Kesho yake saa nne Albano alimbeba Mzee Matar hadi kwa Nawal. Kisha akaenda kuzunguka mitaani, mlango kwa mlango, kuomba kazi mpya ya mbao, maana ile ya madawati ilikwishakwenda.