Nakala Tatu za Bibi Ndayikunda

Nafanya kazi peke yangu, chumba kimoja hapa Mwanga: napiga na kuhariri video za harusi, ubarikio na misiba. Bosi ni mimi, mfagiaji ni mimi, na mtunza kumbukumbu ni mimi. Katika hili la mwisho, niseme bila aibu, nilikuwa najisikia sana. Kila kazi iliyoisha niliihifadhi mara tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo kabatini, na kwenye flashi ninayoipeleka Kidahwe kwa mama mdogo Frida, ili hata nyumba ikiungua kazi za watu zibaki. Nilimhubiria hivyo kila aliyekaa kwenye kiti cha wateja. Wengine walikuwa wamekuja kupiga pasipoti tu.

Alhamisi Bonfils wa Rusimbi akanipigia simu. Mwaka juzi nilimrekodi mama yake, Bibi Ndayikunda, akisimulia walivyotoka Burundi na kufika huku, nikatengeneza filamu ya dakika ishirini. Bibi alifariki mwaka jana. Sasa Jumamosi ukoo ulikuwa unakusanyika kumaliza msiba, wenyewe wanaita kuganduka, na flashi niliyompa Bonfils ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimebaki na nakala, maana sauti ya mama yao haipo mahali pengine popote.

"Kaka Bonfils," nikamwambia, "kwangu hakuna kinachopotea."

Kwenye kompyuta haikuwepo. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe mwezi wa tatu ili nipate nafasi ya harusi, nikijua ipo kwenye diski. Diski nayo nilipoichomeka ikalia tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Fundi aliipokea, akaisikiliza, akanipa pole ile wanayopewa wafiwa. Nikajikaza, nilikuwa bado nina Kidahwe.

Ijumaa asubuhi nikapanda bodaboda. Kwa mama mdogo huwezi kufika ukaomba kitu ukaondoka. Nilimwamkia, nikaeleza habari za kila ndugu anayemjua, nikala ugali na samaki wa migebuka huku roho iko juu. Nilipotaja flashi akaingia chumbani, akatoka na fundo la kitenge. Ndani zilikuwepo zote kumi na moja, safi kabisa, kila moja kwenye kipande chake cha kitambaa. Nilitaka kulia kwa furaha. Akachukua ile ya Bibi Ndayikunda, akaichomeka kwenye runinga anionyeshe ilivyo nzima, na kwaya ikaanza kuimba.

"Ilikuwa tupu, mwanangu," akasema. "Niliichomeka, runinga ikasema hakuna kitu. Nikaona kutunza kitu kitupu ni kazi bure, nikaipeleka kwa Nassib anijazie nyimbo."

Nikamuuliza zile nyingine. Nazo zilikuwa tupu, akasema. Sasa kila moja ina kwaya yake.

Hazikuwa tupu. Picha zote nilikuwa nimezibana kwenye faili moja moja lisilofunguka ila kwa kompyuta, kwa sababu mimi ni mjuaji. Na niungame lingine: kwenye flashi ya Bibi nilikuwa nimeweka picha mbichi tu, zile za kabla ya kuhariri. Filamu yenyewe ilikosa nafasi, nikasema nitaiongeza siku nyingine.

Nassib ana kibanda sokoni Mwanga, anaingizia watu nyimbo na muvi. Nilimfikia matusi yakiwa yamekaa tayari mdomoni. Akanisikiliza, akageukia mashine yake. Kumbe hafuti flashi ya mtu kabla ya kujinakilia vilivyomo.

"Dada, huwa mnarudi mnalia," akasema.

Kwenye orodha yake niliona harusi tatu nilizozipiga mimi, anaingizia wateja kama muvi za kawaida. Siku nyingine ningemshika kola. Siku hiyo nilimwita kaka, na nikamshukuru mara mbili.

Faili la Bibi lilikuwepo. Lakini ilishafika jioni, na picha zenyewe ni saa mbili nzima, hazihaririki kwa usiku mmoja. Jumamosi nikaenda Rusimbi nimenywea. Nikamwambia Bonfils ukweli mbele ya shangazi zake: filamu imepotea, haya ni mabaki niliyoyatupa. Akasema weka.

Bibi akatokea kwenye shuka ukutani, akiuliza kama mashine imeshaanza kula picha. Akafunga kitenge upya. Akamgeukia mwanawe: "Mwana wanje, huyu mgeni mmempa nini?" Sauti yangu ikasikika ikimwambia asicheke, tuanze upya. Akaanza upya, akacheka zaidi. Simu yake ikaita katikati ya kusimulia walivyovuka mpaka, akapokea, akaongea habari za maharage hadi akasahau alipoishia. Yote hayo nilikuwa nimeyakata.

Mwanzoni niliangalia chini kwa aibu. Kisha watu wakaanza kucheka, na shangazi mmoja akawa anamjibu Bibi kuhusu maharage. Bonfils alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yakimtetemeka, nami nikadhani nimemuudhi.

Ilipokwisha akanifuata, macho mekundu.

"Edina, kwenye ile filamu yako mama amekaa kama kaitwa ofisini," akasema. "Huyu ndiye mama."

Iliniuma, nisidanganye. Ile filamu niliihariri wiki mbili, nikaondoa kila kikohozi. Nikamwambia kuna fundi Dar anaweza kuifufua diski, nitamletea ile nzuri.

Akanishika bega kwa upole.

"Ile usihangaike nayo," akasema. "Ikipatikana, ifute tu."